Meno ya Binti wa Fundi Sare

Darasa la saba mimi nililiona kupitia dirisha tu, lakini wenye vyeti vyao ndio wanaonijia kuuliza redio imekufa kwa nini. Dada yangu hakupewa akili hiyo. Yeye alipewa mikono. Mlete mtoto wa shule mbele yake, atamtazama mara moja, hata futi hashiki, na keshokutwa sare inamkaa kama ngozi. Cherehani yake ya kwanza nilimtafutia mimi, msije mkasahau.

Dada alikuwa na msimamo mmoja: hakuna cha kutupwa. Suruali ya baba ikichanika magotini inakatwa inakuwa kaptura ya mwana. Mabaki ya kaptura yanakuwa mfuko, na mabaki ya mfuko kiraka. "Cha mkubwa ukikipunguza ni cha mdogo," alikuwa akisema, pini kazibana mdomoni. Kwa nguo, hajawahi kukosea.

Basi akiwa na miaka ishirini na tisa, ameshazaa binti mmoja, uso ukamfura kwa chunusi, zile kubwa zenye usaha. Nikamtania, "Dada, uso umekuwa kama barabara yetu, ukikwepa shimo unakutana na tuta." Hakucheka. Alikwenda kwa daktari, akaandikiwa tetrasaiklini, vile vidonge vya rangi mbili. Muuza dawa akamsomea masharti yote. Ameze kwa glasi nzima ya maji, na asilale papo hapo, kidonge kikikwama kinaunguza koo. Asichanganye na maziwa, wala dawa ya kiungulia, wala vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu dawa haitaingia mwilini sawasawa. Ajikinge na jua, maana ngozi itaungua upesi. Akihisi ana mimba, arudi haraka. Amalize siku alizoandikiwa. Na mtoto wa chini ya miaka minane asipewe kabisa.

Alishika yote isipokuwa mawili ya mwisho. Uso uliposafika akaacha dawa, na vidonge vilivyobaki, ishirini na kitu, akavitia kwenye kopo la vifungo. Si nimesema hatupi kitu?

Binti alikuwa na miaka mitatu, na kila mvua ikinyesha kifua kinambana. Siku moja nikamkuta dada amefungua kidonge, amemwaga unga wake kwenye karatasi ya kukatia vipimo, anaugawa mafungu manne kwa ncha ya mkasi. Fungu moja likaingia kwenye kijiko cha maji ya sukari. Maji, si maziwa! La maziwa alilikumbuka barabara.

"Lakini muuza dawa si alisema mtoto asipewe?" nikamuuliza.

"Alisema kidonge, Kaka. Hiki ni robo."

"Hapo umemweza!" nikasema, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mimi huyo, mjanja wa mtaa mzima.

Kikohozi kilipoa. Labda kingepoa chenyewe, nani ajue. Ikawa ndiyo desturi, kila kifua kikibana, kopo la vifungo linafunguliwa, mpaka vidonge vikaisha.

Meno ya utotoni yakang'oka, ya ukubwani yakaota. Yaliota manjano, kisha yakaendelea kuiva mwaka hadi mwaka mpaka yakawa rangi ya majani makavu ya chai, kila jino limepitiwa na mistari ya kijivu.

"Hupigi mswaki wewe!" dada akamfokea. "Utaniaibisha!"

"Napiga, Mama. Wallahi napiga."

Akamsugua mwenyewe kwa chumvi, kwa mkaa, kwa majivu, hadi fizi zikatoa damu. Rangi ikakaa palepale. Akamchapa kwa kosa la uvivu, na la uongo pia. Jioni moja akiwa anamsugua meno, mkono wa dada ukasimama. Akanitazama, nami nikamtazama. Kisha sote wawili tukalitazama kopo la vifungo. Tangu siku hiyo fimbo ikakoma, na kila aliyeuliza akajibiwa kuwa ni maji ya kisima. Hata binti mwenyewe tulimjibu hivyo.

"Mbona wenzangu wanakunywa hayohayo?" aliuliza.

"Watu hawafanani," nikamwambia. Nina majibu mimi.

Alipofika miaka kumi na saba alitaka kusomea ualimu wa watoto wadogo. Akasema haendi kwenye usaili kabla meno hayajasafishwa, kwa sababu mwalimu wa chekechea asiyeweza kucheka atafundisha nini? Tukaenda watatu kwa daktari wa meno. Daktari akamulika, akageuza kioo chake huku na huku.

"Hii rangi haipo juu," akasema. "Iliingia wakati meno yanaundwa ndani ya fizi. Mswaki haufiki huko. Tunaweza kuyafunika, kuyasafisha hatuwezi. Mama, alipewa tetrasaiklini akiwa mdogo?"

Nikadakia, "Daktari, kule kwetu maji ya kisima yana—"

"Ya maji nimeyaona, mzee. Haya siyo."

"Nyamaza, Kaka," dada akasema. Alikuwa akiuviringisha ukingo wa kitenge chake kama anayekunja pindo. "Nilimpa mimi. Nilimpimia robo."

Binti akainuka kwenye kile kiti kirefu, akakaa wima.

"Umejua lini, Mama?"

"Ukiwa darasa la pili."

"Na Mjomba?"

Wanangu, mdomo huu haujawahi kukosa jibu hata mbele ya polisi. Nilitazama sakafu.

Mama yake akanyoosha mkono, yeye akausogeza pembeni, taratibu, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo. Hakulia. Akamgeukia daktari aliyekuwa ameshashika kalamu juu ya faili.

"Naomba uandike na hili," akasema. "Andika kwamba nilikuwa napiga mswaki."

Daktari akaandika.