Mke Niliyemrudisha kwao Birongo

Wanaume wenzangu wa kanisa hili, mnanijua. Nalima majani chai hapa Nyacheki, na nilipokuwa kijana nilibeba magunia hadi kituo cha kupimia bila kupumzika. Lakini korodani yangu ya kushoto ilikuwa na shida. Jioni ilining'inia, nzito, na nikiigusa nasikia mishipa imejikunja kama minyoo. Sikumwambia mtu.

Nilimwoa Kerubo kutoka Birongo. Miaka sita hatukupata mtoto. Alienda hospitali peke yake, akapimwa, akaambiwa yuko sawa, amlete mume. Nilikataa. Nilimwambia mwanamume hapimwi. Mama yangu akamletea dawa chungu za miti shamba, akatapika mpaka nyongo, na mwezi uliofuata akaona damu tena. Mwishowe nilimwambia mbele ya ndugu zangu arudi kwao. Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kubeba blanketi lake.

Nikamwoa Moraa. Miaka miwili ikapita vilevile. Mama alipoleta ile dawa, Moraa aliisukuma kando. Akaniambia, "Sinywi kitu mpaka tupimwe sote wawili."

Tukaenda Kisii mjini. Nilitoa mbegu kwenye kikopo. Daktari akanishika pale penye uvimbe, akaniambia nikohoe, kisha akasema, "Mbegu zako ni chache na nyingi hazisongi. Ni hii mishipa iliyovimba. Umekuwa nayo tangu ujana."

Tangu ujana. Mengine aliyosema sikuyasikia.

Nilifanyiwa upasuaji. Kidonda kiliuma wiki mbili. Mwaka uliofuata Moraa akashika mimba, na sasa tuna msichana. Nikimbeba nafurahi, halafu namkumbuka Kerubo na blanketi lake.

Nilienda Birongo kumwomba Kerubo msamaha. Hakuolewa tena; kila mchumba aliyekuja aliambiwa huyo hazai. Alinisikiliza akimenya ndizi, kisha akasema, "Ulinifukuza mbele ya watu. Hao watu umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Ndiyo maana leo nimesimama.

Namshukuru Mungu, na daktari, na Moraa aliyekataa kunyamaza. Mke wako akienda kupimwa, nenda naye siku hiyohiyo. Si kila mtu atatibika kama mimi, lakini ukweli mtaujua mkiwa wawili.

Kerubo hakuwa na ugonjwa wowote. Nawaomba, mkitoka hapa, waambieni hivyo jamaa zenu wa Birongo.