Waya Mwembamba wa Baba Mkubwa

Nakumbuka vizuri siku niliyoshika wembe nikakata waya usio wangu, mwanangu, na mwaka huu nimeikumbuka kuliko miaka yote iliyopita. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na nilijiona fundi kwa sababu tu niliweza kusoma vijitabu vya Kiingereza vinavyokuja na redio. Ungeniona siku zile ungedhani umeme wa Songea nimeuleta mimi.

Baba yangu mkubwa, Kosmas, alikaa Matogoro. Alikuwa na pleya ya santuri, mashine ile inayozungusha sahani nyeusi na kuisoma kwa sindano. Santuri zake zilikuwa chache, na moja aliipenda kupita zote. Ilikuwa ya kwaya ya parokia yao, waliorekodi mara moja tu katika maisha yao, na sauti inayoongoza ni yake. Siku moja binti wa ndugu yetu alipata kipaimara, sherehe ikawa Mfaranyaki. Baba Mkubwa akanituma nitangulie na pleya, niifunge kwenye amplifaya ya kukodi, yeye angekuja baada ya misa.

Nyuma ya pleya zilitoka nyaya tatu. Mbili zilikuwa nene, zina vichwa vya kuchomeka, nikazichomeka. Wa tatu ulikuwa mwembamba, wa kijani, hauna kichwa, mwishoni una kibati kidogo kilichopasuliwa kama uma. Nikautafutia tundu, sikuliona. Mtu mwenye akili angemsubiri mwenye mali afike. Mimi niliona unaning'inia vibaya mbele ya wageni, nikaomba wembe, nikaukata hukohuko kwenye mzizi, nikautupa nyuma ya nyumba.

Nilipowasha, spika zikatoa mvumo wa nyuki waliochokozwa. Nikalaumu jenereta. Nikalaumu amplifaya. Nilikuwa bado nalaumu Baba Mkubwa alipoingia, akainama nyuma ya pleya, akainuka taratibu.

"Waya wa tatu uko wapi?"

"Ule haukuwa na kazi, baba."

"Ulimwuliza nani?"

Aliuliza hilo tu, akarudi kuinama nyuma ya pleya. Ningependelea anizabe kofi mbele ya watu, yaishe. Nikatoka nje kwa aibu, nikajificha kwa wapishi, nikamenya ndizi ambazo hakuna aliyenituma kumenya. Nikiwa huko nikasikia kwaya ikiimba, safi, bila mvumo wowote. Nikajiambia, kumbe mzee ameshatengeneza, mambo yamekwisha.

Tangu siku hiyo, kila alipopiga santuri nyumbani kwake, Baba Mkubwa alivuta kigoda, akaweka kidole kwenye chuma cha pleya kabla sindano haijashuka, akakaa hivyo mpaka wimbo uishe. Sisi vijana tulicheka. Tulisema mzee anaibembeleza mashine isije ikamkimbia. Mimi nilicheka kuliko wote, na hilo linaniuma hadi leo.

Baadaye nilikwenda Tunduru kutafuta mawe ya vito, kama walivyokwenda wengi, nikakaa huko miaka mingi na kurudi na mke mzuri na mgongo mbovu. Baba Mkubwa alifariki nikiwa huko. Mjane wake, Mama Mkubwa Yustina, akanikabidhi pleya na kusema mzee aliagiza nipewe mimi. Nikaifunika kitambaa sebuleni. Kwangu ikawa meza ya kuwekea picha.

Sasa Mama Mkubwa anaishi kwangu hapa Mfaranyaki. Amepita miaka tisini, hatoki tena kitandani, na masikio yake yamekwenda mbali. Lakini akili iko palepale, na ulimi ndiyo kabisa. Mwaka huu, asubuhi moja nikimpelekea uji, akanishika mkono.

"Nataka kumsikia mzee," alisema. "Mara moja tu. Nisije nikamsahau sauti, halafu nikifika huko nianze kumuuliza kila mtu."

Mwanangu, kuna maombi ambayo ukiyasikia huwezi kujibu tutaona. Nilitoka chumbani mle nimeshaamua kwamba atamsikia, hata kama itabidi niizungushe sahani kwa mkono.

Mjukuu wangu Imelda, anayefanya kazi za kompyuta Dodoma, alikuwa amekuja likizo. Ndiye aliyetuwekea nyumbani spika za siku hizi, zisizo na nyaya kati yake. Moja iko sebuleni, moja jikoni, moja barazani, na moja karibu na mto wa bibi yake, maana bila hiyo hasikii hata misa ya redioni. Zote zinaimba kitu kimoja kwa pamoja kupitia waifai, na yeye anaziamuru kwa simu. Nikamwambia nataka pleya ya Baba Mkubwa iingie humo.

"Babu, si tutafute wimbo huo mtandaoni?"

"Tafuta."

Alitafuta mpaka chai ikapoa. Haukuwepo. Hapo akakunja mikono ya blauzi, akanieleza kwamba sauti ya pleya ni changa mno, inahitaji amplifaya ndogo ya kuikuza kwanza, kisha iingie kwenye kisanduku kinachozigawia spika zote. Akaagiza hiyo amplifaya ndogo, ikaja kwa basi baada ya siku nne. Mkanda wa kuzungusha sahani tuliupata kwa fundi redio, ukakaa. Sindano tuliisafisha. Nyaya mbili zikachomekwa. Imelda akageuza ile amplifaya, akaonyesha skrubu ndogo nyuma yake.

"Hapa panafungwa waya wa ethi, ule wa kuondoa mvumo. Wa pleya yako uko wapi, babu?"

Mwanangu, nina mvi kichwa kizima, lakini nilidanganya kama mtoto. Nikasema, "Ilikuja hivyohivyo."

Imelda akashusha sindano. Ikapita kama kufumba na kufumbua, maana sauti ina safari ya kwenda kwenye kisanduku na kurudi, halafu mvumo ukatoka sebuleni, jikoni, barazani, na kwa Mama Mkubwa. Kwaya ilikuwa chini yake, mbali, kama watu wanaoimba ng'ambo ya mto. Na kwa kuwa spika ya Mama Mkubwa tunaifungulia sana, kule mvumo ulikuwa wa kutisha. Nikakimbilia chumbani nikijua amefadhaika.

Hakuwa amefadhaika. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayengoja wazembe wamalize.

"Ishikeni," alisema.

"Tushike nini, mama?"

"Hiyo mashine. Mzee alikuwa anaishika kidole, wimbo mzima. Usiposhika inalia. Si uliukata wewe waya?"

Imelda alikuwa amesimama mlangoni. Sikuthubutu kumtazama.

"Nilimwambia aipeleke kwa fundi," Mama Mkubwa akaendelea, bila ukali wowote. "Akasema, aliyekata yupo, atarudi kuunga. Wewe ukaenda zako Tunduru."

Nilirudi sebuleni nikaweka kidole kwenye chuma. Mvumo ukafifia nyumba nzima. Nikaelewa basi kwamba mzee yule hakuwa anaibembeleza mashine. Mwili wake ulikuwa umekaa mahali pa waya wangu, kila wimbo, kila mgeni, miaka yote ile, na mimi nikimcheka. Nililia, sikuona sababu ya kuficha.

Imelda akasema kwa upole, "Babu, ukiendelea kushika hivyohivyo, bibi atasikia wimbo wake leo."

"Hapana," nikamwambia. "Waya utarudi. Na nitaurudisha mimi."

Tukaigeuza pleya tumbo juu, tukafungua. Kisiki cha waya wa kijani kilikuwepo bado, kirefu kama ukucha. Imelda alitaka kulehemu yeye, ana mikono mitulivu. Nikakataa. Mara ya kwanza risasi ya kulehemu haikushika. Mara ya pili nikajiunguza kidole. Nikagundua kisiki kimeota kutu, nikaomba wembe, nikakikwangua polepole mpaka shaba ikang'aa. Mara ya tatu ikashika. Nikaufunga waya mpya kwenye ile skrubu, nikakaza, nikauvuta kidogo kuhakikisha. Ilinichukua mchana mzima kwa kazi ambayo kijana angeifanya katika dakika kumi, ama mimi ningeifanya mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, kama ningekiri.

Sindano ikashuka. Mvumo haukuwepo. Baba Mkubwa akaimba jikoni, akaimba barazani, na nilipoingia chumbani alikuwa anaimba karibu na mto wa mkewe. Mama Mkubwa alifumba macho, akasikiliza ubeti wa kwanza wote.

"Nani ameshika?" akauliza.

"Hakuna aliyeshika, mama. Nimeunga waya."

"Haya," akasema. "Basi sasa apumzishe mkono."

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usikate kitu kwa sababu tu hujui kazi yake. Uliza kwanza, hata kama kuuliza kutakuonyesha mjinga mbele ya wageni. Na kama umeshakata, sema ni mimi, siku ileile, maana kuna mtu ameweka kidole chake mahali ulipoharibu, naye hatakuambia. Ukimwona mzazi wako amekaa mkao usiouelewa, usimcheke. Msogelee, umuulize amekushikia nini. Wangu sikumuuliza, na waya aliungoja mpaka akaondoka.

Mungu akupe mikono isiyo na haraka na moyo wa kurudi ulikoharibu. Akujalie uunge ungali kijana, na wale waliokushikia wawe hai kukuona ukiunga, wapumzishe mikono yao mbele ya macho yako.