Upande wa Pili wa Turubai

Majirani walimwita Mzee Madoa, na jina lilimkaa. Mtu kashona maturubai ya malori miaka thelathini, kastaafu salama, badala ya kupumzika anatandaza turubai jeupe sebuleni na kulimwagia rangi iliyozimuliwa kwa maji! Halipaki dawa yoyote ya kuzuia maji kwanza. Anataka rangi izame kwenye nyuzi zenyewe. Na wala hachori nyumba au ng'ombe, ni rangi tu. "Mtoto gani kakojoa hapa?" fundi viatu wa jirani aliuliza siku moja, na mzee mwenyewe akacheka mpaka machozi.

Ila kazi ile ilitaka watu wawili, mmoja huku mmoja kule, wainue na kuinamisha ili rangi itambae. Kidole kimoja hakivunji chawa. Upande wa pili alishika mkewe, siku zote. Mke alipofariki, mzee alijaribu kufunga pembe kwenye viti, rangi ikajaa katikati. Akaacha. Miezi minane hakugusa kopo la rangi, na tusidanganyane, upweke ulimtafuna.

Basi binti yake, muuguzi wa mji wa mbali, akapiga simu. "Jumamosi sina zamu, baba. Nakuja tushike pamoja. Basi langu la kurudi ni saa kumi."

Mzee alideki sebule mara mbili. Halafu, sijui shetani gani kamwingia, akawaza: rangi ikiwa nyepesi zaidi itachelewa kunywewa, ikichelewa, binti atalikosa basi, akilikosa, atalala. Akaongeza maji. Akaongeza tena. Mtu mzima na akili zake!

Jumamosi wakashika. Buluu hafifu ikaenda kushoto, wakairudisha kulia, binti akasimulia vituko vya wodini, na mzee alikuwa na furaha, furaha hasa, ya kumfanya asahau mgongo. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita, maji bado yanatambaa.

"Baba, mikono imekufa ganzi. Tuweke chini?"

"Bado kidogo, mama. Tukiiacha sasa itaharibika."

"Sasa iharibike nini? Mbona rangi yenyewe haionekani? Maji matupu."

Mzee akainamisha upande wake tena. Binti akainama akachungulia ndani ya kopo, kisha akamtazama baba yake usoni. Hakuhitaji kuelezwa.

"Baba, si ungeniambia tu nikae?"

"Ungekaa?"

Binti alimpenda baba yake, wala hapana ubishi. Lakini zamu yake ilianza alfajiri ya kesho yake, kisha zilikuwapo zamu za wiki iliyofuata, na za wiki nyingine.

"Tushushe, mwanangu," mzee akasema.

Wakalishusha taratibu, na binti akaenda kunawa mikono, awahi basi.