Nionjee, Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, jikoni tunamwita Kijiko. Jina hilo nilimkuta nalo siku niliyoajiriwa. Walimpa kwa utani, maana mwenyewe alikuwa mtu wa mwili hasa, mlango wa stoo akiupita kiubavu, na kitu asichotengana nacho ni kijiko kimoja cha mpini mrefu kilichokaa mfukoni mwa aproni. Jiko letu ni la chuo cha ufundi. Wanafunzi ni wengi, lawama zao ni nyingi zaidi, na sheria yetu ni moja tu: sufuria haitoki kabla haijaonjwa, na anayeonja ni mtu mmoja. Wakionja wawili, kila mmoja ataongeza chumvi ya kwake, na hapo mmeshaharibu. Mwenye kijiko ndiye mpishi mkuu. Asiye na kijiko anamenya vitunguu.

Naeleza mapema ili mtu asije akaniuliza, kijiko nacho kitu cha kugombania?

Alipasuliwa mara ya kwanza miaka kadhaa nyuma, ili apungue mwili. Walikata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, wakamwachia kijisehemu chembamba. Akapungua, jamani, akapungua mpaka kaka akawa anamwita mchumba. Halafu mwili ukaanza kurudi polepole, kama mgeni anayeleta begi leo na godoro kesho. Mwisho ukarudi wote. Watu nao, midomo haina mlinzi. "Kwani wewe si ulikatwa?" Mmoja alimuuliza hivyo dirishani, mbele ya foleni nzima ya wanafunzi. Mimi sina breki. Nikamwambia, "Yeye alikatwa tumbo, wewe kakatwe ulimi." Wifi akaendelea kupakua kabichi. Hakunishukuru, hakunikataza.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna kitu kimezimika ndani yake. Zamani angejibu yeye, na jibu lake lingekuwa kali kuliko langu.

Magoti yakaanza kumwangusha. Akawa anapika ameegemea meza. Sukari ikapanda, kidonda cha kidoleni mguuni kikagoma kupona. Daktari mpasuaji, mzee mmoja mpole mwenye mikono midogo, akamwambia wazi kwamba akiendelea hivi, kazi ya kusimama ataiaga, na mguu pengine nao ataupoteza.

"Basi nipasueni tena," wifi akasema, kama anayeagiza kitunguu.

"Unataka nini hasa, mama? Kupungua?"

"Nataka kubaki na kijiko changu."

Daktari akanitazama mimi. Nikamweleza habari ya kijiko. Akatikisa kichwa, akasema kupasua mara ya pili si sawa na mara ya kwanza. Ndani kuna makovu, hatari imeongezeka, na safari hii wangeunganisha upya njia ya chakula, kijitumbo kidogo kabisa kipelekwe moja kwa moja kwenye utumbo. Kabla ya hapo lazima wajue kwa nini ile ya kwanza ilishindwa, la sivyo wangekuwa wanaziba paa huku bomba linavuja. Akatutuma kwa mtaalamu wa lishe.

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada mmoja mwembamba, mvumilivu. Akauliza, "Mama, kwa siku unakula mara ngapi?"

"Mara mbili. Asubuhi uji kikombe kimoja, jioni sahani ndogo."

"Katikati?"

"Katikati sili."

Tukarudi mara ya pili, swali lilelile, jibu lilelile. Mara ya tatu yule dada akaweka kalamu chini, akasema kwa adabu zote kwamba hesabu haikubali, mwili hauli hewa. Yaani anamwita wifi yangu muongo! Nikaingilia, "Dada, samahani. Nafanya naye kazi meza moja. Nakuapia, huyu hali. Mchana kutwa hakai hata kwenye kiti. Yeye ni kuonja tu."

Kalamu ikarudi mkononi mwake.

"Kuonja nini?" yule dada akauliza taratibu.

"Mboga, wali, maharage, mchuzi, chai. Si ndiyo kazi yake?"

Wifi naye akaitikia, bila wasiwasi wowote, "Kuonja si kula."

Na ndivyo tulivyoamini sote, toka siku tulipozaliwa. Mtu akikukuta na kijiko mdomoni akikuuliza "unakula nini?", unamjibu "sili, naonja", na habari imekwisha. Hata anayefunga wanamwambia aonje ateme. Nani alijua? Mwonja asali haonji mara moja, hiyo tunaisema kila siku, lakini tunawasemea watu wenye tamaa, hatujisemei sisi wenye kazi.

Yule dada hakucheka, nampa heshima yake. Alimpa wifi kazi ya siku moja: kila kijiko anachotaka kuonja, kwanza kingine kama hicho akimimine kwenye bakuli pembeni. Kesho yake nikaweka bakuli la plastiki juu ya friji. Kijiko cha uji kuona kama umeiva, kijiko cha sukari kwenye chai, maharage kabla ya nazi, maharage baada ya nazi, mchuzi mara tatu maana mchuzi ni mkorofi. Kabla ya saa sita bakuli likajaa. Nikaleta la pili. Tulipofunga jiko jioni, na la pili lilikuwa linamwagika, mafuta yameganda juu rangi ya machungwa.

Wifi akasimama akayatazama yale mabakuli.

"Hivi vyote mimi nakula?"

"Unaonja," nikasema.

Akayabeba, akamwaga kwenye ndoo ya makombo, akayaosha, akayafuta, akayapanga rafuni. Hakulia. Ningefurahi angelia. Mara ya kwanza, miaka ile, alilia wiki nzima kabla ya kupasuliwa, tukawa tunampokezana. Safari hii alikuwa mkavu kabisa. Akafundishwa kuonja na kutema. Akatema. Akaambiwa wiki mbili ni vya majimaji tu, akanywa majimaji. Wakampitisha mpira wenye kamera kooni, akatoka anafuta mate, akauliza basi linapita saa ngapi. Kaka, ambaye ni dereva na maneno yake ni machache kuliko taa za barabarani, alinivuta kando uani. "Dada, mwenzio ana nini? Namuuliza unaogopa, ananiambia hapana. Namuuliza unafurahi, ananiambia hapana."

Nikamwambia atapona, ni wasiwasi tu wa hospitali. Nilisema ili nimtulize, mwenyewe sikuamini.

Siku ya upasuaji ilikwenda salama. Alipozinduka, mdomo mkavu, nikamlowesha midomo kwa pamba. Nikamtania, "Pole na nusu kaputi, wifi."

Akafumba macho mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Nusu moja imerudi. Nyingine sijui imebaki na nani."

Nikacheka peke yangu.

Baada ya hapo maisha yakawa ya vikombe vidogo. Maji anakunywa kwa funda, funda moja, anasubiri. Yai moja linamchukua nusu saa. Vidonge vya vitamini kila asubuhi, na vya maisha, wamemwambia, si vya msimu. Aliwahi kujisahau akanywa chai ya sukari kwa jirani. Jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, ikabidi alale sakafuni pale sebuleni kwa watu. Nywele zikakatika, akazinyoa zote, akafunga kitambaa. Lakini mwili ulishuka. Sukari ikakaa sawa, kidonda kikafunga, magoti yakanyamaza. Aliporudi kazini alipita mlango wa stoo moja kwa moja, kifua mbele. Tukapiga vigelegele. Yeye akauliza nani ameacha gesi wazi.

Akavaa aproni, inamzunguka mara mbili. Akachomoa kijiko, akachota maharage, akaonja. Akaonja tena. Nikamwona amesimama na kijiko hewani.

"Wifi," akaniita chinichini. "Hebu nionjee."

"Yana nini?"

"Ndicho ninachokuuliza."

Ulimi ulikuwa umekufa ganzi. Chumvi, sukari, pilipili, kwake vyote vilikuwa maji ya bomba. Daktari alisema huwatokea baadhi ya watu. Wengi ladha huwarudia, wengine huchelewa. Hakusema inachelewa mpaka lini. Hebu fikiria, mtu amekubali visu mara mbili ili abaki na kijiko, kijiko anacho, magoti anayo, ulimi haupo!

Tukaificha. Yeye alisimama kwenye sufuria, mimi nikapita nyuma kama nafuata sahani. "Nionjee," ananong'ona, nami naonja, "bado kidogo," anaongeza. Lakini jikoni hakuna siri, kuna mvuke tu. Msimamizi wa jiko akatuona. Si mtu mbaya. Alituita wote wawili, akasema sheria ni sheria, anayeonja ndiye mwenye kijiko. Wifi hakubisha. Alikichomoa mfukoni, akakifuta kwa aproni, akaniwekea mkononi. Kisha akavuta ndoo ya vitunguu, akakaa, akaanza kumenya.

Mimi nilitaka kugombana na mtu yeyote. Yeye hata vitunguu havikumtoa chozi.

"Huna hasira?" nikamuuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Natafuta, siioni."

"Wifi, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo mnalo nyie," akasema.

Miezi ikapita hivyo. Watu wakamsifia barabarani, umependeza, umerudi usichana, naye akawajibu "ahsante" kama anayerudisha chenji. Na mimi nikawa mpishi mkuu. Chakula kikasifiwa, sikatai. Asubuhi nilikuwa naamka na haraka ya kazi, nachota, naonja, naonja tena ili nisikosee, maana ulimi wa kwake ulikuwa mwalimu na wangu ni mwanafunzi.

Basi siku moja tunavaa sare kwenye chumba cha kubadilishia. Gauni langu likagoma kwenye zipu. Nikavuta tumbo ndani, nikavuta zipu, wapi. Wifi akaja nyuma kunisaidia, naye akashindwa.

"Dobi huyu!" nikafoka. "Anaziloweka maji ya moto mpaka zinasinyaa."

"Gauni hili limeshonwa lini?"

"Mwaka huuhuu. Na mimi nilivyo siku hizi hata kula sili. Jana kutwa sikutia kitu mdomoni, nilionja tu."

Nilijisikia nikilisema. Neno likatoka lote, likaenda likasimama pale kati yetu.

Kwenye kioo nilimwona wifi usoni. Kwa mara ya kwanza tangu zile siku za hospitali uso wake ulifanya kitu. Ulijikunja. Ilikuwa hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kwake. Akapeleka mkono mfukoni mwangu, akakitoa kijiko.

"We, wifi, unafanya nini?"

"Nyamaza. Toka leo utaonja sufuria moja, ya mchuzi. Unaonja, unatema. Zilizobaki nitapika kwa mkono."

"Kwa mkono vipi? Husikii chumvi!"

"Maharage nimeyapika miaka yote hiyo. Mkono unajua."

"Na ukikosea?"

"Watakunywa maji."

"Msimamizi je?"

"Aje nimmenyeshe vitunguu."

Akatoka. Nikamfuata na gauni limefungwa pini mgongoni. Alisimama kwenye maharage, akafungua kopo, akachota chumvi kiganjani, akaipima kwa kuitikisatikisa, akamwaga. Akafikiri. Akaongeza kidogo. Mimi nilikuwa nimeshika meza, ninaomba Mungu.

Mchana tukakaa wafanyakazi kwenye benchi letu la nyuma, kila mtu na sahani yake, yeye na kibakuli chake cha yai. Nikaweka maharage mdomoni. Mama yangu! Ilikuwa chumvi iliyochanganywa na maharage. Huko bwaloni nilisikia wanafunzi wameanza kugonga vikombe mezani. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake, anaguna, hajui aanzie wapi.

Wifi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Yamekolea?"

"Yamekolea, wifi," nikasema. "Kama zamani."

Nikameza. Nikanywa maji. Nikachukua kijiko kingine, nikatafuna kwa raha zote nilizoweza kuziigiza, nikanywa maji tena, nikanyoosha mkono kwenye jagi.

"Hicho kikombe cha ngapi?"

"Joto tu."

"Muongo wee."

Na akacheka. Kicheko kilianza kidogo puani, nikadhani amepaliwa na yai, kisha kikashuka mpaka tumboni, akashika yale makovu kwa mikono miwili, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani na nywele zake fupi mpya zikaonekana. Machozi yalimtiririka. Moja likamfika mdomoni, akalilamba bila kufikiri. Ghafla akanyamaza.

Akapitisha ulimi tena kwenye ule mdomo, polepole.

"Wifi," akasema. "Machozi yana chumvi?"