Mafuta ya Mikono Niliyokaangia Kaimati

Wanangu, msinionee huruma kabla hamjanisikia mpaka mwisho. Mie niliumwa kwa kosa langu, tena nikamponza mwenzangu.

Enzi za Mwingereza nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Gongo la Mboto. Mie na wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, tulikuwa vibarua kwenye shamba la mapapai. Tulichanja mapapai mabichi, tukakinga utomvu kwa kitambaa, tukaukwangua na kuuanika. Ulipelekwa Ulaya kulainishia nyama. Kila wiki msimamizi alinipa chupa moja ya mafuta ya nazi, tujipake sote wawili mikononi kabla ya kazi.

Ramadhani ikaingia. Nilitaka mama mkwe anisifu, nikayakaangia kaimati mafuta yale. Zuhura alipouliza, nikamjibu, "Msimamizi hajatoa wiki hii." Ulimi hauna mfupa, jamani!

Siku ya kwanza bila mafuta, vidole viliniwasha. Ya tatu ngozi ikabanduka, damu ikatoka penye kucha. Nikashindwa hata kushika tonge. Zuhura ndiye aliyekwangua zaidi. Nyama ya vidole vyake ikawa wazi, usaha ukajaa.

"Wifi, nitasukaje mikeka mie?" alilia. Mikeka ndiyo iliyokuwa fahari yake. Tukaenda hospitali.

Daktari alituosha, akauliza, "Nyama ngumu mnaichemshaje?"

"Tunatia papai bichi."

"Basi ndiyo hayo. Utomvu una kitu kinachovunjavunja nyama, na hakichagui ya ng'ombe wala ya mkono wako. Tumboni mwenu pia mna vitu vya jinsi hiyo. Bila hivyo chakula kingekaa tu, mngekufa njaa na matumbo yamejaa. Vingine vinajenga ngozi mpya. Kila kimoja na kazi yake. Kwani hamkupaka mafuta?"

"Hayakutolewa," akajibu Zuhura. Mie macho chini.

Siku hizi nyie shuleni mnaviita vimeng'enya. Sie tulivijua kwa maumivu.

Tulifungwa vitambaa, tukalishwa mayai na dagaa. Baada ya wiki sita ngozi yangu ilirudi. Ya Zuhura nayo ilirudi, lakini vidole vilikakamaa, havinyooki. Hakusuka mkeka tena. Watu wakituambia, "Mshukuruni Mungu mmepona," nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka mzima nilikaa na uongo ule moyoni. Ramadhani nyingine ilipokaribia, nikamwambia Zuhura yote.

"Toka mbele yangu," akasema.

Alhamdulillahi, mikono ninayo. Nanyi mnaoshika utomvu, jipakeni mafuta, na mkiwashwa naweni upesi. Mwenzako akikuuliza jambo la usalama wake, mwambie kweli palepale, hata ukiaibika.

Zuhura hakuniitikia salamu miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja akaja na kitana, akaketi chini, akanipa mgongo.

"Nisuke nywele. Vidole vyangu haviwezi."

Nikamsuka huku nalia. Hakusema amenisamehe, nami mpaka leo sijathubutu kumuuliza.