Tulipoingoja Sehemu ya Tatu

Jirani yangu hapa Silibwet ana duka la kinyozi, na stima ikipotea huwasha jenereta yake ndogo. Kwanza inakohoa, halafu inanguruma, kisha harufu ya petroli inaingia dirishani na kukaa na mimi jikoni. Wateja wake hufurahi. Mimi huacha ninachofanya na kusubiri. Nimekuwa mtu mzima, nina watoto, lakini bado nikisikia ngurumo ile nangoja ifuatwe na sauti ya mwanamume aliyeshika maikrofoni, ajisafishe koo, aseme, "Haya, watu wa Mungu, tulifika wapi?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Baba Apiyo.

Nililelewa kwenye kambi ya shamba moja la chai upande wa Kericho. Wazazi wangu walikuwa wametoka kwetu ziwani kutafuta kazi. Baba aliajiriwa kiwandani, mama akachuma majani. Baba Apiyo naye alikuwa mtu wa kwetu. Alifanya kazi na baba kwenye mashine za kukaushia, hata koti lake la Jumapili lilinukia chai. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya mwisho ya laini yetu, ule mstari wa nyumba za wafanyakazi, akijipikia, akijifulia. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Baba Apiyo, na jina likazoeleka midomoni mwetu kama jina la duka au la kituo.

Jumapili mchana, kanisa likishatoka, alionyesha vidio. Ukumbi wake ulikuwa kibanda cha mabati nyuma ya maduka, madirisha yamezibwa kwa blanketi kuukuu, mabenchi ni mbao zilizolazwa juu ya mawe. Mbele kulikuwa na televisheni moja, na kando yake kiti chake. Sinema zenyewe zilikuwa za lugha za watu, kwa hiyo alipunguza sauti ya televisheni kabisa, akashika maikrofoni, akatusimulia kwa Kiswahili kila kilichokuwa kikitendeka. Kusema kweli hatukuwa tukienda kutazama. Tulikuwa tunaenda kumsikiliza Baba Apiyo, na picha zilikuwa za kumsindikiza.

Sinema iliyotuteka kuliko zote ilikuwa ya sehemu tatu, yenye falme, wachawi na milima inayotembea. Baba Apiyo aliihamishia kwetu. Mfalme mwovu alimwita Meneja, na majitu yake yenye meno nje aliyaita wanyapara. Ngome ilikuwa kiwanda. Joka lilipotokea likitema moto, alisema ni trekta ya kubeba majani iliyokatika breki, na akina mama waliokuwa wamechuma wiki nzima walicheka mpaka wakapangusa macho kwa leso. Meneja wetu wa kweli alikuwa mtu mpole mwenye mbwa mzee, na nadhani hakuwahi kujua jinsi tulivyomzomea kila Jumapili.

Lakini hadithi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Shujaa, ambaye Baba Apiyo alimwita Msafiri, alikuwa akimtafuta binti yake. Mwanzoni mwa sehemu ya kwanza mtoto huyo alionekana kisimani, amevaa gauni jeupe, anachota maji, anageuka, ukungu unashuka. Basi. Kuanzia hapo hakuonekana tena. Msafiri alivuka mito na misitu akimfuata, na sehemu ya pili iliisha amesimama mbele ya lango kubwa, ukungu umetanda, ametega sikio. Baba Apiyo hapo aliteremsha sauti hadi tukalazimika kuinama mbele. Alituambia mtoto yuko upande wa pili, anaita, na baba yake anamsikia lakini hajui sauti inatoka wapi. Kisha akazima jenereta, nasi tukatoka nje kwenye baridi.

Tukaanza kuingoja sehemu ya tatu. Sijui kama nimewahi kungoja kitu hivyo tena, hata harusi yangu. Kinyozi wa madukani alibandika ukutani picha ya sinema hiyo iliyokatwa gazetini, na tulikuwa tukienda kuitazama tu, kuangalia kama kuna kipande cha gauni jeupe nyuma ya mapanga. Rafiki yangu Chelang'at, ambaye mama yake Mkipsigis alichuma chai mistari miwili kutoka kwa mama yangu, alishikilia kwamba mtoto amegeuzwa ndege. Mimi nilisema amefungiwa chumba cha kukaushia. Akina mama walibishana kwenye foleni ya kupima majani hadi karani akawaomba wasogee. Kuna bibi mmoja aliyesimama kanisani akaomba mtoto aliyechukuliwa na Meneja akumbukwe, na mchungaji, asiyejua habari za vidio, akamwombea kwa machozi.

Kila Jumapili tulimwuliza Baba Apiyo, naye kila Jumapili alijibu kwamba haijafika. Basi anaturudishia ya kwanza na ya pili. Tulizijua kwa moyo, na bado kila mara mtoto alipogeuka pale kisimani ukumbi wote ulinyamaza.

Ikawa mwezi wa nane, ule wa ukungu unaolala kwenye chai hadi karibu saa sita. Shule zilikuwa zimefungwa. Mimi na Chelang'at tulikuwa na mchezo wetu kwenye kidaraja cha mto ulio chini ya shamba. Kidaraja ndicho kilikuwa lango. Mmoja alikuwa Msafiri, mwingine alijificha kwenye chai ng'ambo, akiita. Siku hiyo tulikuwa wote wawili upande mmoja, tumesimama tukisikiliza, kwa sababu ukungu ulikuwa mzito na hakuna aliyetaka kuvuka. Baba Apiyo akatokea akitoka zamu. Nilidhani atatufukuza, maana wazazi wote walitukataza mto ule. Hakutufukuza. Alisimama kando yetu, akauliza polepole, "Mmemsikia?"

Sikushangaa hata kidogo. Tulikuwa tunacheza sinema yake, na nani angeijua kumshinda? Chelang'at akaitikia kwa kichwa.

"Anasema nini?"

"Anasema anasikia baridi," Chelang'at akajibu.

Baba Apiyo alitazama maji kwa muda. Halafu akavua koti lake la kazi, akalitundika kwenye ukingo wa kidaraja, akalinyoosha mabega vizuri kama mtu anayemvika mtoto. Akapanda kilima na shati tu. Sisi tulitazamana, kisha tukakimbia hadi nyumbani bila kugeuka. Kesho yake asubuhi koti lilikuwa bado pale, limelowa umande. Nilimwona akipita kwenda kazini, na hakulichukua.

Wiki chache baadaye vijana wa laini ya juu walienda Kericho mjini na kurudi na sehemu ya tatu. Walisema muuza sinema aliwacheka. Eti iko madukani tangu zamani, na jamaa wa kambi yenu ameonyeshwa mara kadhaa akakataa kuichukua. Wakubwa walimnung'unikia Baba Apiyo kwamba alitaka kutuuzia zile za zamani mpaka zichakae. Hakujitetea. Jumapili hiyo kibanda kilijaa hadi watoto tukakalia mapaja ya watu tusiowajua, na wengine walisikilizia nje kupitia mabati.

Alianza vizuri. Wanyapara walikufa kwa makundi, trekta ilitumbukia mtoni, Meneja akaomba msamaha. Lakini kadiri sinema ilivyoenda nilihisi sauti yake inachoka. Kila mlango ulipofunguliwa alinyamaza, sote tukainuka kidogo kwenye mbao, na ndani hakukuwa na mtu. Mwishowe Msafiri aliingia chumba kikubwa chenye kiti cha dhahabu. Akachukua taji, akavaa, akaketi. Watu wa kwenye televisheni wakapiga magoti. Baba Apiyo alikuwa ameshika maikrofoni midomoni na hakusema neno. Tulisikia kelele za jenereta tu. Maandishi yakaanza kupanda.

Hapo ndipo sauti ya Chelang'at ikatoka katikati ya watu. "Na mtoto ako wapi?"

Hakuna aliyemkemea. Lilikuwa swali la kila mtu. Nilikuwa nimekaa mbele, nikamwona Baba Apiyo akitazama ile skrini nyeusi, jasho limemtoka usoni ilhali sisi tulikuwa na sweta.

"Mtoto alishatangulia nyumbani," akasema. "Ni baba yake ndiye alichelewa kujua. Sasa na yeye ataenda."

Akazima jenereta. Watu walitoka wakilalamika kwamba mwisho umeharibiwa, kwamba hawakuonyeshwa wakikutana. Mimi nililia njia nzima, na baba yangu, aliyekuwa amenibeba, hakuniambia ninyamaze. Jumapili iliyofuata kibanda kilikuwa kimefungwa. Siku hizo mama naye alisafiri kwenda kwetu, nikaachwa kwa mama yake Chelang'at, nikanywa mursik, maziwa yao ya kuganda, hadi tumbo likakaza kama ngoma. Mama aliporudi alileta samaki waliokaushwa. Hayo ndiyo niliyokumbuka.

Mwaka jana mwanangu alizipata sehemu zote tatu kwenye simu. Tukazitazama pamoja, mimi nikiwa na moyo wa utotoni. Siku hizi naelewa lugha yake. Hakuna binti. Tangu mwanzo yule shujaa anatafuta taji. Msichana wa kisimani ni mtumishi tu, anapita na ndoo yake, hana hata jina, na pale langoni hakuna anayeita; shujaa anasikiliza farasi wa adui. Mwanangu alifurahi sana. Mimi nilirudisha nyuma mara kadhaa pale msichana anapogeuka.

Nilipoenda kumsalimia mama, ambaye amestaafu na kurudi ziwani, nilimweleza kama kichekesho, jinsi Baba Apiyo alivyotudanganya kambi nzima. Alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Mikono ikasimama.

"Wewe ulifikiri anaitwa Baba Apiyo kwa nini?"

Sikuwa nimefikiri. Mama akaniambia basi. Apiyo, binti yake, alikuwa amekuja kumtembelea kambini likizo moja, kabla mimi sijaanza kutembea. Asubuhi ya ukungu aliteremka mtoni na ndoo, mto umejaa. Walitafuta hadi mbali chini, wakapata ndoo. Kwetu, mtu akipotelea majini na asionekane, huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake, lile refu, zito, unalolibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wazee wa nyumbani walimwita Baba Apiyo aje azike. Alikataa miaka yote hiyo. Alisema hawezi kuzika tunda na mtoto wake bado yuko njiani. Mkewe alichoka kungoja, akarudi kwao.

"Ile wiki nilikuacha kwa mama Chelang'at," mama akasema, "tulikuwa tumemsindikiza akazike. Aliamka tu akasema yuko tayari. Lakini alitushangaza. Jua lilikuwa linachoma vile unalijua jua la huku, na yeye amelivisha lile tunda sweta ya sufu, na blanketi juu yake. Wazee wakamwuliza ni mila gani hiyo. Akasema mtoto mwenyewe ndiye alisema anasikia baridi."

Mama alirudia omena zake. Nilitoka nje nikakaa kwenye jua hilo hilo, na mikono yangu ilikuwa ya barafu. Sote tulikaa kwenye kibanda kimoja tukingoja, na mimi nilidhani tunangoja kitu kimoja.

Chelang'at siku hizi analima ngano upande wa Mulot. Nilimpigia simu, nikamsimulia yote, la mto, la yago, la sweta. Nilitaka kumfariji, nikamwambia asijilaumu, tulikuwa watoto tunacheza, angejuaje.

"Lakini mimi sikuwa nacheza," akasema. "Kwani wewe hukusikia?"

Nilimjibu kwamba sikusikia, na ni kweli. Lakini siku hizi ukungu ukishuka hapa Silibwet, kabla ya kuendelea na kazi zangu, huwa nazima redio kwanza.