Nyota za Meneja

Meneja wa mradi wetu wa kilimo hapo Makambako alipenda mapambo kuliko alivyopenda kazi. Hata tangazo la kuomba watu wafunge mlango wa choo aliliwekea fremu ya maua. Mimi nilikuwa nimeiandikia ofisi programu ndogo isiyo na sura: unaandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta, unaipa kitabu cha maelekezo ya kilimo pamoja na rangi na majedwali yake, nayo inakutemea maandishi matupu. Maandishi hayo yalitumwa kwa ujumbe wa simu kwa wazee wa kanisa, wakayasoma Jumapili. Simu za kitochi hazihitaji maua.

Msimu ule nilikuwa na haraka yangu. Mama yangu, kule Iwawa wilayani Makete, alikuwa amenunua mbegu za viazi kwa jirani ambaye shamba lake lilinyauka lote. Nilimpigia simu kutoka ofisini nikamwambia ugonjwa umo ndani ya mbegu, na ukishaingia kwenye udongo hautoki leo wala kesho.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kompyuta," akasema. "Mambo ya viazi wakiyatangaza kanisani nitayasikia."

Ndivyo alivyo mama. Neno lisilosomwa mbele ya madhabahu kwake ni umbeya. Nikamsihi basi asubiri Jumapili, akakubali. Nikalichukua onyo la mbegu kutoka kitabuni, nikalipitisha kwenye programu, nikampelekea meneja alipitishe.

Akalitazama kama mtu aliyeletewa ugali mkavu.

"Mbona limepoa hivi? Wafadhili wakiliona watasema nini? Weka boldi, weka boksi."

Nikamwambia ujumbe wa simu hauna boldi, hizo herufi nene. Akanijibu kwamba mtaalamu wa kweli hashindwi na kitu. Debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa debe lenye tai. Nikaongeza machaguo aliyoyataka: la kulizungushia neno la boldi alama za nyota, la kupiga mstari chini ya kichwa cha habari, na la kujenga boksi kwa vistari na alama za kujumlisha. Yote nikayaacha yamezimwa. Anayeyataka ayaandike mwenyewe kwenye amri. Nilipogeuka tu, meneja akamwagiza karani anayetuma ujumbe ayawashe yote na yawe hivyo siku zote. Kisha akajipongeza kwa soda.

Jumatatu aliniita ofisini, meno yote nje.

"Umeona? Hadi Makete wanalizungumzia tangazo letu! Sasa niwekee na chaguo la mioyo."

Nilimdharau mtu yule tangu siku ya kwanza, lakini pale dharau ilinijaa hadi kooni. Kabla sijamjibu, simu yangu ikaita. Alikuwa mama, anacheka.

"Jana umetukosa! Mzee wetu kasimama kutangaza. Unamjua, tangu aliporuka jina kwenye tangazo la ndoa na koo mbili zikagombana, haruki tena kitu. Kaanza: jumlisha, kistari, kistari, kistari, kistari. Kateremka mstari wa pili: nyota, nyota. Wanakwaya wakaangua kicheko, watoto wakawa wanamwitikia. Mchungaji kaona aibu, kamwambia aketi, tukaendelea na sadaka."

"Mama, na viazi je?"

"Viazi hawakuvitaja kabisa. Nimesubiri kama tulivyopatana, mwanangu, wametangaza nyota tu. Nikajua basi, mbegu haina neno. Leo alfajiri nimeita watu, tumepanda shamba lote."

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Meneja alikuwa amelisikia neno nyota likitoka kwenye simu. Akaniinamia, macho yanang'aa, akaniuliza kama na mama amelipenda boksi.